UZI: Nchi za furaha za vitabuni, na mtoto anayelia chini ya mji

#1 Loleza (mtoa mada)

Wakuu, kwema?

Huku Uyole ni Julai, na anayeijua baridi ya Uyole hahitaji kuelezwa. Nimevuta jiko la mkaa karibu, mlango nimeuacha wazi kidogo hewa ipite, na nimeamua leo nishushe uzi ambao umenikaa kifuani tangu Ijumaa. Ni mrefu. Mwenye nafasi avute kigoda.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Kila Ijumaa vipindi vikiisha tunabaki darasani, mimi na wanafunzi kama ishirini wa kidato cha tatu na cha nne, tunasimuliana hadithi. Hazimo kwenye mtihani, kwa hiyo wanaobaki ni wale wanaopenda kweli. Ijumaa iliyopita niliwasimulia hadithi fupi ya mwandishi wa Marekani, Ursula Le Guin, iliyotoka mwaka 1973, ya mji unaoitwa Omelas.

Mji uko kando ya bahari. Ni sikukuu ya kiangazi, kengele zinalia, farasi wamesukwa manyoya ya shingo. Hakuna mfalme, hakuna watumwa. Mwandishi anakupeleka taratibu mpaka unatamani kuhamia. Halafu anakushusha chini ya jengo moja, kwenye chumba kisicho na dirisha. Humo kuna mtoto. Ana karibu miaka kumi, ila ukimwona utasema sita. Amekaa kwenye uchafu wake mwenyewe. Kwa siku anapewa nusu bakuli la unga wa mahindi na mafuta. Kwenye kona kuna madekio mawili na ndoo, na mtoto anayaogopa yale madekio kuliko kitu chochote. Mara nyingine anaomba atolewe, anaahidi kwamba atakuwa mtoto mwema. Hakuna anayemjibu.

Na mji mzima unajua. Watoto wa Omelas wanaelezwa wakiwa na miaka kati ya minane na kumi na miwili, na wengi wanaenda kumwona kwa macho yao. Sharti ni kwamba furaha yote ya mji, afya, mavuno, urafiki, imefungwa kwenye mateso ya huyo mmoja. Siku mtu akimwambia hata neno moja la upole, yote yanakatika. Wengi hulia, hukasirika, miaka ikipita wanazoea. Wachache hutoka nje ya mji, mmoja mmoja, na hawarudi.

Nilipomaliza, darasa lilikuwa kimya, unasikia upepo tu kwenye bati. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, huyo mtoto anaitwa nani?"

Hana jina. Na kuna zaidi ya hapo. Kwa Kiingereza mwandishi hasemi kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na anamtaja kwa kiwakilishi kile kile kinachotumika kwa kiti au ndoo, hadithi nzima, ili msomaji aone jinsi mtoto alivyogeuzwa kitu. Mimi wakati nasimulia sikuweza. Nilisema "mtoto amekaa, anaogopa, anaomba", na ile "a" ikamrudisha kwenye watu kabla hata sijafikiri. Ili nimfanye kitu ningelazimika kusema "kitoto kimekaa, kinaogopa, kinaomba", na hapo darasa zima lingesikia kwamba ni mimi msimuliaji ninayemdharau. Nimelala na jambo hilo siku tatu. Ukiisimulia Omelas kwa Kiswahili, huwezi kujificha nyuma ya sarufi. Ama unamwita mtu, ama unasikika ukimtukana.

Sasa hoja yangu. Tumezoea kuzigawa hadithi hizi mafungu mawili: nchi njema ambako watu wana furaha, na nchi mbaya ambako watu wanateseka. Nikizisoma moja moja naona mgawo huo haushiki. Omelas ina furaha. Dunia ile aliyoiandika Aldous Huxley kwenye Brave New World mwaka 1932 ina furaha, wanaimeza kwa vidonge. Hata 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, inaishia kwa mtu aliyetulia: Winston, baada ya kuvunjwa kabisa, amekaa mkahawani, machozi yenye harufu ya pombe yanamchuruzika, na anampenda yule aliyemvunja. Furaha ipo kote. Tofauti naiona kwenye kilio. Anayeumia akilia, sauti yake inafika wapi? Mimi nchi ya kitabuni naipimia hapo.

Karibuni, hasa mnaopinga.

#2 Mchimbaji wa Chunya

Madam, nimekusoma mpaka mwisho nikiwa kambini, simu inakaribia kuzima.

Mimi kitabu cha namna hiyo nimesoma kimoja tu, Utopia cha Mwingereza Thomas More, cha mwaka 1516. Nilikikuta kwa wauza mitumba Mwanjelwa, nikafungua katikati, ukurasa ukawa unazungumzia dhahabu. Mtu wa Chunya akiona dhahabu lazima asimame. Basi kule kwao dhahabu hawaithamini. Wanatengenezea vyombo vya kujisaidia usiku, na minyororo ya kufungia watumwa. Nilisoma hayo chini ya turubai, mikono ina vumbi la karasha la kusagia mawe, mwenzangu pembeni ana kikohozi kilichomkaa miezi.

Watu wanaisifu hiyo nchi kwamba raia anafanya kazi saa sita tu kwa siku. Ni kweli, imeandikwa. Ila neno "watumwa" wengi wanalipita haraka. Kazi ya kuchinja wanyama kule wanafanya watumwa, tena nje ya mji, na sababu imetajwa: raia wasizoee kuchinja, wasije wakapoteza huruma yao. Nilirudia ile sehemu mara mbili. Yaani huruma ya raia inabaki safi kwa sababu kuna mwingine amechafuka kwa niaba yake. Ni mtoto wa Omelas huyo huyo, wamempa kisu tu.

Kwa hiyo kwenye hilo tuko pamoja. Napingana nawe kwenye kingine. Unazungumza kama vile kila anayeumia analia. Mimi nashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, mgongo unauma, hewa ni nzito, na silii. Nimechagua. Kila jiwe ninalolipandisha naliona nyumba ya mama yangu, Mungu akijalia. Ukinipa nchi yako njema isiyo na duara, yenye kila kitu tayari, sina uhakika kama ningeitaka. Maumivu mengine ndiyo yanamfanya mtu awe na kesho.

#3 Loleza

Mkuu wa Chunya, asante. Hapo kwa watumwa wa Thomas More umenipa kitu ambacho nilikuwa nimekisoma bila kukiona. Mwambie mwenzako wa kikohozi aende akapimwe, tafadhali. Vumbi la mawe si la kusubiri.

Hoja yako ya pili naikubali, na Huxley aliiweka kwenye kinywa cha kijana wake John. John amekulia nje ya ile dunia ya vidonge, na anapofika mbele ya mtawala anakataa raha zote anazoonyeshwa. Mtawala anamwambia, kwa hiyo unadai haki ya kutokuwa na furaha. Anamhesabia na yanayoambatana nayo: uzee, njaa, maradhi, hofu ya kesho. John anakaa kimya muda mrefu, kisha anasema anayadai yote. Wewe unaposhuka duarani umeyadai yako. Mtoto wa Omelas hakudai chochote.

Ila kwenye kitabu hicho kuna sehemu inayonishika kuliko mazungumzo hayo. Ni kifo cha Linda, mama yake John.

Linda anafia kwenye hospitali ya watu wanaokufa. Kitandani kwake, kwenye miguu, kuna televisheni inawaka kutwa. Hewa ina manukato. Amejaa vidonge, hajui yuko wapi. Kisha linaingia kundi la watoto, wameletwa kwa utaratibu, ili wazoee kuona kwamba kufa si kitu. Wanazoeshwa kwa vitu vitamu. John anapiga magoti, analia kwa sauti, na muuguzi anashtuka. Kinachomshtua ni kwamba kilio kile kitaharibu mafunzo ya watoto. Anawahi kuwagawia keki za chokoleti.

Nisimulie na langu. Mwaka juzi tulimzika shangazi yangu huko Rungwe. Mvua ya Rungwe haina msimu wa kupumzika. Ilinyesha siku zote tatu. Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, bega kwa bega, harufu ya nguo mbichi na moshi wa kuni. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wamezunguka moto, wakiinua turubai kwa mti kila maji yanapojaa. Kila akiingia mgeni kutoka mbali, kilio kinaanza upya, na waliokuwa wamenyamaza wanalia naye tena ili asilie peke yake. Katikati ya hayo mtoto wa binamu yangu, miaka minne au mitano, alinipanda mapajani akanigusa shavu, akaangalia kidole chake kilivyolowa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, shangazi amefariki na tulikuwa tunampenda. Akakaa. Baadaye akaletewa ndizi na maharage kwenye sahani ya bati, akala pale pale mapajani huku sisi tunalia.

Nikikumbuka ile sahani ya bati na nikikumbuka zile keki za chokoleti, naona watoto wote wawili wamelishwa mbele ya kifo. Wa kwetu alilishwa huku anaelezwa. Yule wa kitabuni alilishwa ili asiulize. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

#4 Gangilonga

Kamwene, Loleza. Mimi niko Iringa mjini, Kihesa. Si mtu wa fasihi, ni fundi cherehani, ila uzi huu umenigusa mahali na nitasema.

Mnazungumza nchi njema za vitabuni. Sisi watu wa Isimani tumeishi kwenye sura mojawapo ya kitabu hicho. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na nyuma yake ikaja siasa ya ujamaa vijijini: watu wakae pamoja, walime pamoja, pasiwe na bwana na mtwana. Ukilisoma unaona lilikuwa neno zuri, na mpaka leo nasema ni zuri. Isimani ilikuwa nchi ya mahindi, kuna watu walikuwa wamefungua mashamba makubwa kwa jasho lao. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alikwenda kwenye shamba la Saidi Mwamwindi, na Mwamwindi akampiga risasi akamuua. Mwenyewe akaupeleka mwili polisi. Akahukumiwa, akanyongwa. Chuo cha ualimu cha hapa mjini kina jina la Klerruu. Wazee wa huku ukiwauliza habari hiyo wanashusha sauti hadi leo. Nyumba mbili zilipata msiba kwa ajili ya ndoto moja.

Bibi yangu alihamishwa miaka michache baadaye, wakati wa operesheni ya vijiji. Lori lilikuja asubuhi. Aliambiwa achukue anavyoweza kubeba. Alichukua watoto, sufuria, na jiwe lake la kusagia, lile la chini, zito, lenye shimo lililochongwa na mikono ya mama yake na yake. Kijana wa kwenye lori akamwambia mama, mawe yako kila mahali. Bibi akalikalia. Akasema kama jiwe halipandi na yeye hapandi. Likapanda.

Sasa nisikilizeni vizuri, sitaki nieleweke vibaya. Kijijini walikopelekwa walichimbiwa kisima. Shule ilijengwa, na mama yangu akasoma hadi la saba. Asingesoma kule walikotoka. Zahanati ilikuja. Bibi hakuwahi kuyakana hayo. Alikuwa akisema, maji tulipata, shule tulipata. Halafu ananyamaza. Halafu anasema, lakini hakuna aliyeniuliza. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza alikuwa anatembea kurudi kwenye mahame akapalilie makaburi ya wazazi wake na mtoto wake mmoja. Nilimsindikiza mara ya mwisho, mimi nikiwa na miaka tisa. Alipalilia kwa mkono, bila jembe, akiongea na kila kaburi kwa Kihehe.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ile ilikuwa nchi njema au nchi mbaya, mimi siwezi kukujibu. Jiwe liko kwangu. Liko uani, kuku wanakunywea maji.

#5 Mwalimu Mstaafu, Njombe

Binti yangu Loleza, na wewe mwanangu Gangilonga, nimewasoma wote. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niwe mkali kidogo.

Loleza, umeanzia mbali mno. Umekwenda Marekani na Uingereza kutafuta mtoto anayetolewa sadaka kwa furaha ya nchi, wakati tunaye ndani ya nyumba. Fungua Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1962. Nchi ya Kufikirika ina kila kitu, ila mfalme hana mtoto. Waganga wa kila namna wanaitwa. Mtoto anapatikana, halafu anaugua, na utabiri unatoka kwamba dawa yake ni kafara ya watu wawili, mmoja mjinga na mmoja mwerevu. Shaaban Robert hakuhitaji kusubiri Omelas iandikwe. Aliliona jambo lenyewe: nchi yenye neema inapofika mahali pa kutaka damu ya mtu ili furaha yake isikatike. Tena yeye hakumchukua mtoto asiyejua lolote. Alichukua mjinga na mwerevu, yaani kila mtu ameguswa, hakuna anayeweza kusema mimi simo.

Na ile hoja yako ya sauti inafika wapi, hiyo ni Kusadikika tupu, kitabu cha mwaka 1951. Nchi iko angani. Imetuma wajumbe sita kwa nyakati mbalimbali, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakaone watu wengine wanaishije. Kila mjumbe anarudi na habari ya mema yanayoweza kuigwa, na kila mmoja anatupwa gerezani. Kosa lao ni kuleta habari. Kisha Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Waziri Majivuno anamshitaki kwa maneno makali. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hajitetei yeye. Anasimulia kisa cha mjumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka wale sita walionyamazishwa wanasikika wote kwa kinywa chake. Mfalme anasikiliza. Milango ya gereza inafunguliwa.

Watoto wengi wanakisoma kitabu hicho kama orodha ya majina yenye maana, Majivuno ni majivuno, Karama ni karama, wanajaza jibu la mtihani wanaondoka. Hilo linaniuma. Kiliandikwa chini ya mkoloni, na mtu ambaye alijua vizuri kufika na habari mahali ambapo hazitakiwi.

Binti yangu, wasomee hicho Ijumaa ijayo.

#6 Loleza

Shikamoo Mwalimu. Nimekubali kosa na sina la kujitetea. Kufikirika nilikisoma nikiwa na miaka kumi na minane, nikakijazia majibu kama ulivyosema, sikukirudia. Nimekitoa kabatini sasa hivi. Kafara ya mjinga na mwerevu ilikuwa inanisubiri humo miaka yote hiyo.

Dada Gangilonga, kwako naandika taratibu. Nilipoanza uzi nilikuwa na hakika kwamba nimepata kipimo: mahali kilio kinaposikika ni pema, mahali kisiposikika ni pabaya. Bibi yako amekivuruga kipimo changu. Kisima ni cha kweli. Shule ni ya kweli. Hata baba yangu alijifunza kusoma kwenye shule ya kijiji cha namna hiyo, na bila yeye mimi nisingekuwa hapa naandika. Na kile "hakuna aliyeniuliza" nacho ni cha kweli, hakipungui kwa ndoo hata moja ya maji. Waandishi wa hadithi hizi wengi hawafiki hapo. Wanakupa nchi ambayo ni uongo mtupu chini yake, ili iwe rahisi kuichukia. Nchi ambayo kisima ni kisima kweli na jiwe ni jiwe kweli, hiyo ni ngumu kuiandika.

Nimesoma sehemu ya lori mara nne.

#7 Mdau wa Songea

Niongeze kidogo kwa Gangilonga. Huku Ruvuma kulikuwa na Litowa. Watu walianza wenyewe kukaa na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla ya Azimio, wakajenga shule yao, wakaungana na vijiji vingine chini ya chama cha maendeleo cha Ruvuma. Maamuzi walifanya wao kwa wao mkutanoni. Mwaka 1969 chama chao kilivunjwa kutoka juu. Sijaona riwaya iliyoandikwa juu ya Litowa na naitamani sana. Pale watu waliulizwa, kila wiki waliulizwa, kwa sababu walikuwa wanajiuliza wenyewe.

#8 Mtoto wa Mafiati

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni kijana, niko chuo, nitapinga.

Hadithi hizi za giza naona zinatuzoesha kukata tamaa. Kila ukionyeshwa bustani, lazima chini kuwe na mtoto amefungwa. Mwishowe mtu anasema dunia nzuri haiwezekani, tubaki na hii. Hiyo ni hatari, hasa kwetu sisi ambao bado tunahitaji kuota. Kwa nini tusipende zaidi vitabu kama Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, cha mwaka 1995? Dzombo amehukumiwa kifo kwao, anawekwa kwenye chombo ili akafie mbali, badala yake anatua kwenye nchi ambayo watu wako sawa kweli. Hata jina ni "wale ni sisi". Nilikisoma usiku mmoja, nikalala na nguvu. Sikuhitaji mtoto wa kulia chini ya mji ili nipende haki.

#9 Loleza

Mdogo wangu wa Mafiati, umesema jambo la maana na sitalipuuza. Nami nilipokisoma Walenisi nilipata nguvu. Jina lenyewe ni zawadi. Ni sentensi nzima ndani ya neno moja, na lugha yetu ndiyo iliyoiwezesha.

Nikuambie tu kilichonikwaza. Dzombo akifika kule, watu wanamweleza. Wanamweleza habari ya kazi, ya uongozi, ya ndoa, na yeye anashangaa, wanamweleza tena. Nilipofika mbali nikaanza kutafuta mtu mmoja wa Walenisi aliyefiwa, au aliyeachwa na mchumba, au aliyeamka tu na uzito asioujua. Nilitaka kuona siku hiyo jirani zake wanafanya nini. Hata wakiwa sawa wote, mali imegawanywa vizuri, bado shangazi atafariki na mvua itanyesha siku tatu. Nchi njema ninayoitamani kuiona kwenye karatasi ni ile inayonionyesha siku hiyo. Mtu akiiandika nitaipenda bila kutafuta chumba cha chini.

Kwa hiyo ota, ndugu yangu. Ila ukiota, weka msiba ndani ya ndoto yako, tuone watu wako wanakaaje mkekani.

#10 Mchimbaji wa Chunya

Madam, mwenzangu ameenda kupimwa. Wametaka arudi Jumatatu kuchukua majibu. Amenituma nikusalimu.

#11 Loleza

Mpe pole na salamu zangu, mkuu. Utujulishe Jumatatu.

Wakuu, narudi na la Ijumaa ya leo halafu nakwenda kulala. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja aandike mwisho wake wa Omelas. Nimezisahihisha jioni hii hapa jikoni, bila kalamu nyekundu.

Wavulana wengi wamevunja mlango. Mmoja amekuja na jeshi, mwingine na tingatinga. Wanne au watano wamemtoa mtoto na mji ukaanguka wote, na wakaandika kuanguka kwake kwa raha. Kijana mmoja amewafuata wale wanaoondoka. Kwake wanakutana njiani mbele, wanawasha moto, kila mmoja anafikiri alikuwa peke yake. Hiyo nitamsomea mwalimu wetu wa Njombe, akiniruhusu nimpigie.

Yule binti wa dawati la nyuma, aliyeuliza jina, ameandika nusu ukurasa. Kwenye mstari wa kwanza kuna mahali alipoandika jina la mtoto akalifuta, akaandika lingine akalifuta, mpaka raba imetoboa karatasi. Ameacha tundu hivyo hivyo akaendelea. Kwenye hadithi yake hakuna anayevunja mlango. Usiku mmoja, sikukuu ikiwa imeisha, mama mmoja muuza samaki anashuka ngazi. Anajua hatakiwi kusema neno, kwa hiyo hasemi. Mtoto amefumba macho. Yule mama anachukua madekio mawili kutoka kwenye kona, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, na ile ndoo anaining'iniza kwenye kiwiko, anatoka navyo nje. Mtoto anafumbua macho.